Sakafu Inayokunywa Oili: Jinsi ya Kuiziba kwa Gharama Ndogo



Katika masomo ya afya tumezoea kuzungumza juu ya choo, kisima, chandarua na chakula bora. Leo tutazungumza juu ya sakafu. Hatusemi sakafu ya sebule inayopigwa deki kila asubuhi. Tunasema sakafu ya saruji ya kile chumba cha uani, au banda, ambamo pikipiki hulazwa usiku.

Katika vijiji vya pwani yetu, tangu Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga na Mlingotini hadi Kaole na Bagamoyo mjini, chumba cha namna hiyo kimo katika nyumba nyingi. Usiku ni gereji. Mchana mama hukunia nazi humo, watoto hucheza humo, na mgeni akizidi hutandikiwa mkeka humo humo. Sakafu hiyo mara nyingi ilimwagwa haraka, kwa saruji kidogo, ikaachwa ikauke juani. Sasa imepasuka, inatoa vumbi jeupe, na katikati ina doa jeusi la oili ambalo halitoki kwa sabuni wala kwa maji.

Jambo kubwa la kushika katika somo hili ni moja: sakafu inayokunywa haisafishiki. Kila kinachomwagika juu yake, iwe oili, petroli, mkojo wa mtoto au maji machafu, huingia ndani na kukaa. Kuziba sakafu ni kuizuia isinywe. Wengi hudhani kazi hiyo inataka rangi ya bei kubwa. Sivyo. Inataka saruji kidogo, maji mengi na subira ya siku saba.

Kwa nini sakafu ni jambo la afya

Tutazame wakaaji wa sakafu mbovu.

Wa kwanza ni funza. Huyu hakuwa mwenyeji wa Afrika. Aliletwa na meli iliyotoka Brazil mwaka 1872 na kushuka Angola. Kutoka huko alifuata njia za misafara, na ilipofika miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kufika Afrika Mashariki. Funza jike huingia katika ngozi ya mguu, naye hutoa mayai yake nje. Mayai huanguka chini. Viluwiluwi vyake hukua katika vumbi na mchanga mkavu wa sakafuni, na katika muda wa wiki tatu hivi vimekuwa funza kamili. Ukimtoa funza mguuni mwa mtoto na kuliacha vumbi katika nyufa, umekata tawi na kuacha shina.

Wa pili ni papasi. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta, usiku hutoka kunyonya damu. Huyu ndiye mwenye kuleta homa ya papasi, ile inayokuja, ikaondoka, kisha ikarudi. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alipokuwa akichunguza ugonjwa huu katika nchi yetu, aliwakuta papasi katika udongo wa vibanda vilivyotumiwa na misafara. Aliona pia kuwa vijidudu vya ugonjwa huingia hata katika mayai ya papasi, yaani mtoto wa papasi anaweza kuzaliwa tayari ana ugonjwa. Tena papasi anaweza kuishi muda mrefu sana bila chakula. Kuhama chumba kwa mwezi mmoja hakumwondoi. Kuziba ufa humnyima nyumba.

Wa tatu ni uchafu usioonekana. Mayai ya minyoo huingia na miguu kutoka nje, hukaa katika mashimo ya sakafu, kisha hupanda juu ya vidole vya mtoto anayetambaa na kuingia kinywani.

Je, sakafu nzuri inaweza kweli kupunguza maradhi? Tuchukue mfano wa nchi ya Mexico. Mwaka 2000 serikali ya jimbo la Coahuila ilianza mpango wa kuwapa watu wenye nyumba za sakafu ya udongo saruji ya kutengenezea sakafu. Wataalamu walikwenda baadaye kuwalinganisha watoto wa familia zilizopata mpango huo na watoto wa familia zilizofanana nazo ambazo hazikuupata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Walikadiria kwamba pale ambapo sakafu yote ya udongo iligeuzwa kuwa ya saruji, minyoo na vijidudu vya tumboni kwa watoto vilipungua kwa asilimia 78, na kuharisha kukapungua kwa karibu nusu. Hakuna dawa waliyopewa. Kilichobadilika ni sakafu.

Lakini sakafu ya saruji iliyopasuka na kujaa mashimo inarudi kuwa ndugu ya sakafu ya udongo. Ndiyo maana tunajifunza kuitengeneza.

Hatari ya pikipiki ndani ya chumba

Pikipiki huongeza mambo yake. Petroli ikidondoka hutoa mvuke, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini juu ya sakafu, pale pale ulipo mkeka na pale pale kinapowekwa kibatari au jiko la mkaa. Sakafu iliyokunywa petroli huendelea kutoa mvuke hata baada ya kuonekana kavu. Kwa hiyo katika chumba cha pikipiki hakuna kuwasha moto wa aina yoyote, na mtu asilale humo. Wala injini isiungurume ndani na mlango umefungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua mtu bila yeye kujua.

Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike. Akitapika, mafuta huweza kuingia katika mapafu, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, kisha mpeleke zahanati upesi pamoja na kile chombo alichonywea.

Lipo jambo jingine ambalo ni lazima tulisema wazi. Watu wengine huchukua oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini na kuipaka sakafuni ili kuzuia vumbi na mchwa. Ni kweli vumbi hutulia. Lakini oili iliyochakaa ina masizi na mabaki ya vyuma vya injini. Ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi inaweza kuleta vipele, vidonda, hata saratani ya ngozi. Mtu mzima anaigusa kwa nyayo. Mtoto anayetambaa anaigusa kwa magoti, mapaja na viganja, kisha analamba viganja. Tena sakafu iliyopakwa oili haishiki saruji wala rangi. Aliyeipaka leo kwa kuokoa pesa, kesho atalipa fundi kuichimba. Oili chafu isipakwe sakafuni.

Wazee wa pwani walizibaje?

Tusidhani kwamba ufundi huu umetoka mbali. Karibu na Bagamoyo, pale Kaole, yapo magofu ya mji wa kale, na msikiti wake unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni nyingi, kisha kuizimua kwa maji na kuiacha ikae.

Katika nyumba za mawe za pwani na Unguja, dari na sakafu zilimwagwa chokaa iliyochanganywa na mawe madogo, kisha watu wakaketi safu wakaipigapiga kwa vijiti siku baada ya siku, huku wakiimba. Hawakupiga kwa mchezo. Kupiga kulishindilia chokaa na kuondoa nafasi zilizo wazi ndani yake, na maji yaliyonyunyizwa yaliisaidia ikauke polepole bila kupasuka. Walijua kwamba sakafu huzibwa kwa kushindilia na kungoja.

Saruji tunayotumia sasa ina asili ya jamaa na chokaa ile. Kiwanda cha Wazo Hill hapo Tegeta, kilichoanza kazi mwaka 1966, kilijengwa mahali palipo na mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya zamani sana. Na kanuni ni ile ile. Saruji haikauki kama nguo juani. Saruji huungana na maji na kugeuka jiwe. Maji yakiondoka mapema kwa jua au kwa upepo wa kaskazi, kazi hiyo hukatika katikati, na sakafu hubaki na vinyweleo wazi na vumbi. Sakafu nyingi mbovu hazikukosa saruji. Zilikosa maji katika wiki ya kwanza.

Kwanza ipime sakafu yako

Kabla ya kununua chochote, fanya vipimo vitatu. Havina gharama.

Kipimo cha 1: Unyevu kutoka chini. Chukua kipande cha nailoni cha upana wa meta moja hivi. Kitandaze juu ya sakafu kavu, kandamiza kingo zake zote kwa utepe wa kunata au kwa udongo mbichi, uache usiku na mchana. Kisha funua. Ukiona matone chini ya nailoni au sakafu imekoza rangi, maji yanapanda kutoka ardhini. Hii hutokea sana katika nyumba zilizo karibu na bahari au mikoko, ambako maji hayako mbali chini. Mara nyingi utaona pia unga mweupe wenye chumvi juu ya sakafu. Sakafu kama hiyo usiipake rangi wala nta, kwa kuwa itabanduka. Kwanza chimba mfereji kando ya ukuta nje, elekeza maji ya bati mbali na nyumba, kisha upime tena wakati wa kiangazi. Kama unyevu unaendelea, sakafu inataka kumwagwa upya juu ya nailoni nzito. Hapo mwite fundi mwashi.

Kipimo cha 2: Oili. Dondosha matone ya maji juu ya doa jeusi. Maji yakisimama kama juu ya jani la mgomba, oili ipo na hakuna kitakachoshika hapo. Maji yakinywewa, mahali hapo ni tayari kwa kazi. Usichanganyikiwe, ndugu msomaji. Kabla ya kuziba tunataka sakafu inywe maji, ili saruji mpya au dawa iingie na kushika. Baada ya kuziba ndipo tunataka maji yasimame.

Kipimo cha 3: Uimara. Gonga sakafu yote kwa nyundo ndogo. Penye sauti ya kujaa ni pazima. Penye sauti ya debe tupu, saruji imeachana na chini. Kisha kwangua kwa msumari. Ukitoa alama tu, sakafu ni ngumu. Ukichimba unga, tabaka la juu limekufa.

Kuondoa oili

Mwaga majivu makavu au maranda ya seremala juu ya doa, kanyaga, acha usiku mmoja, kisha fagia. Rudia mara mbili au tatu. Baadaye mwaga maji ya moto yenye sabuni ya unga nyingi, sugua kwa brashi ngumu, suuza, na upime tena kwa matone. Doa lililokaa miaka huenda lisitoke kabisa. Hapo chimba kwa tindo mpaka ufikie saruji safi, kisha ujaze upya.

Usisafishe sakafu kwa petroli. Majivu na maranda yenye oili yatie katika kopo lenye kifuniko, uliweke nje mbali na moto. Yasitupwe karibu na kisima wala kwenye mfereji unaokwenda mashambani au baharini.

Sasa chagua njia kwa kadiri ya hali ya sakafu.

Njia ya kwanza: Sakafu nzima, ila inatoa vumbi

Hii ndiyo kazi nafuu kuliko zote. Nunua silikati ya sodiamu, ile dawa nzito kama asali ambayo watengenezaji wa sabuni huitumia. Changanya kipimo kimoja cha silikati na vipimo vinne vya maji. Kwa chumba cha meta 3 kwa meta 4, lita 2 za silikati kwa kawaida zinatosha.

Osha sakafu, iache ikauke kabisa. Paka dawa kwa brashi au ufagio laini, isituame. Siku ya pili suuza kwa maji, acha ikauke, paka tena. Fanya hivyo mara tatu. Dawa hii huingia katika vinyweleo, hukutana na chokaa iliyomo ndani ya saruji, na kugeuka kitu kigumu kama jiwe. Vumbi hukoma na sakafu hunywa kidogo sana. Lakini haiwi kioo. Oili ikidondoka bado ni lazima ifutwe siku ile ile.

Silikati huunguza macho na ngozi. Vaa glavu, na watoto wasiwe karibu.

Njia ya pili: Sakafu yenye nyufa na mashimo machache

Fungua ufa kwa tindo mpaka upate upana wa kidole, na kingo zake ziwe wima, zisiwe kama sahani. Toa vumbi lote kwa brashi. Lowesha kwa maji, uache mpaka maji yasionekane kutuama. Paka uji mzito wa saruji na maji. Kabla uji haujakauka, jaza mchanganyiko wa saruji kipimo 1 na mchanga vipimo 3, ushindilie kwa nguvu kwa mwiko. Funika kwa gunia bichi siku saba.

Ufa unaorudi kila mwaka mahali pale pale ni dalili kwamba ardhi au msingi unatembea. Huo usiuzibe tena na tena. Mwonyeshe fundi.

Njia ya tatu: Sakafu iliyokwisha kuchimbika yote

Hapa tunapiga tabaka jipya juu ya lile la zamani, unene wa sentimita 2 na nusu, na juu yake tunapiga niru. Tufanye hesabu pamoja.

Chumba ni meta 3 kwa meta 4. Eneo lake ni 3 × 4 = meta za mraba 12. Unene ni sentimita 2 na nusu, yaani meta 0.025. Ujazo ni 12 × 0.025 = meta za ujazo 0.3. Kwa mchanganyiko wa saruji 1 na mchanga 4, tunahitaji saruji kiasi cha mifuko 2 na robo ya kilo 50, na mchanga kiasi cha madebe 16 ya lita 20. Niru itachukua kama theluthi moja ya mfuko. Basi nunua mifuko 3 ya saruji na madebe 17 ya mchanga. Hiyo ndiyo gharama yote ya vifaa.

Mchanga usiwe wa ufukweni. Una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, hutoa unga mweupe na kulisha kutu. Wala tusichimbe mchanga mahali popote tupendapo. Kule Kunduchi bahari ilikula ufukwe na majengo, na uchimbaji wa mchanga katika mito inayoingia baharini hapo umetajwa kuwa sababu mojawapo. Chukua mchanga mahali palipoidhinishwa na serikali ya kijiji. Maji nayo yawe baridi ya kisima au bomba, siyo ya bahari.

Kazi yenyewe ni hivi:

1. Bandua sehemu zote zenye sauti ya debe tupu. Donoa sakafu nzima kwa tindo au sururu ndogo ili iwe na makovu ya kushikia. Nyunyiza maji kwanza, ili vumbi lake lisiingie mapafuni.

2. Osha, kisha ilowe usiku kucha. Asubuhi ondoa maji yaliyotuama.

3. Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Ongeza maji kidogo kidogo. Finyanga tonge mkononi ukiwa na glavu. Likishikana bila kuchuruzika maji, yametosha. Maji yakizidi, yatakapotoka yataacha vinyweleo vingi.

4. Paka uji wa saruji sehemu ndogo ya sakafu, na papo hapo, kabla haujakauka, mwaga mchanganyiko juu yake. Shindilia na usawazishe kwa ubao. Acha mteremko wa sentimita 1 kwa kila meta kuelekea mlangoni, ili maji ya kuoshea yatoke yenyewe.

5. Tabaka likianza kushika siku ile ile, paka niru, yaani uji mzito wa saruji tupu, na uilainishe kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Kandamiza barabara, kwa kuwa mwiko unafanya kazi ile ya vijiti vya wazee. Karibu na mlango pitisha ufagio kwa wepesi, pawe na mikwaruzo, watu wasiteleze.

6. Kesho yake asubuhi funika sakafu yote kwa magunia mabichi au mchanga mbichi. Mwagia maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba. Hatua hii haina gharama ila ya maji, nayo ndiyo inayoziba kuliko zote.

7. Pikipiki irudi baada ya wiki mbili. Ukitaka kuongeza silikati, ngoja siku 28.

Wakati mzuri wa kazi ni baada ya masika, miezi ya Juni hadi Septemba, ambapo jua si kali sana na mvua ni chache.

Saruji mbichi huunguza. Mtu huanza asihisi kitu, na jioni anakuta magoti yamechubuka na kidonda ni kirefu. Vaa glavu, au funga mifuko ya nailoni mikononi. Usipige magoti juu ya saruji mbichi. Ikiingia ndani ya kiatu, vua na uoshe mara moja. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20 bila kusugua, kisha nenda zahanati hata kama maumivu yamepoa.

Je, rangi na nta?

Rangi ya mafuta ya kupakia milango haifai. Saruji, hasa ikiwa mpya, ina ukali unaogeuza mafuta ya rangi hiyo kuwa kama sabuni, nayo hubanduka kwa magamba. Rangi maalumu ya sakafu inafaa, lakini ni ghali, nayo inataka sakafu iliyo kavu na isiyo na oili. Nta ya sakafu inafaa chumba cha kulala. Haifai penye pikipiki, maana petroli huiyeyusha, na penye maji huteleza.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hakipakwi. Ni sinia kuukuu au bati lililokunjwa kingo, likatiwa mchanga mkavu na kuwekwa chini ya injini kila jioni. Tone lisilofika sakafuni halihitaji kusuguliwa. Badili mchanga unapokoza rangi, na mwambie fundi wa pikipiki akaze panapovuja.

Kazi kwa darasa

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana, kisha wakaondoka wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Somo lilihesabika kuwa limeeleweka pale kazi ilipoonekana uani. Na somo hili tulifanye hivyo hivyo. Wanakisomo wachague nyumba moja, wapime sakafu yake kwa vipimo vitatu, na waanze na sinia la mchanga jioni ile ile. Nyumba tatu zikishirikiana, tindo moja, mwiko mmoja na sururu moja vinatosha, na kila nyumba itanunua saruji yake tu.

Maneno ya kukumbuka

Niru: uji mzito wa saruji tupu unaolainishwa juu ya tabaka la saruji na mchanga.
Vinyweleo: vitundu vidogo sana ambavyo maji na oili hupitia.
Tindo: chuma chenye makali cha kuchimbia saruji au jiwe.
Silikati: dawa ya maji mazito inayofanya saruji iwe ngumu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini haitoshi kumtoa funza mguuni bila kushughulikia sakafu?
2. Katika nyumba yako, pikipiki hulazwa wapi? Kibatari au jiko huwekwa wapi?
3. Kwa nini maji kusimama juu ya doa la oili si dalili njema kabla ya kuziba, ila ni dalili njema baada ya kuziba?
4. Eleza hasara tatu za kupaka oili chafu sakafuni.
5. Chumba kina meta 3 kwa meta 3. Kwa unene wa sentimita 2 na nusu, ujazo wa tabaka ni kiasi gani?
6. Mwenzako amemaliza kupiga niru leo, na kesho anasafiri kwa wiki moja. Utamshauri nini, na wewe jirani yake utafanya nini kila asubuhi, mchana na jioni?